Maegesho ya Walemavu: Ghasbu Iliyozoeleka

Miongoni mwa dhulma zilizozoeleka mpaka watu wakaacha kuziona kuwa ni dhulma, ni hii ya mtu mzima wa viungo, mwenye nguvu za kusukuma toroli lililojaa mchele na mafuta, kuegesha gari lake mbele ya mlango wa supamaketi katika nafasi iliyochorwa alama ya kiti cha magurudumu. Hufanya hivyo mchana kweupe, akafunga milango, akaenda zake. Akiulizwa, husema ni dakika tano tu.

Mtu huyu hatuwezi kumpa udhuru wa ujinga. Alama ile haihitaji kisomo. Ilibuniwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa usanifu wa Denmark, Susanne Koefoed, na leo inatambulika takriban dunia nzima, hata kwa asiyejua kusoma herufi moja. Dereva aliyetahiniwa alama za barabarani akapewa leseni hawezi kusema kwamba hii moja imempita. Anaijua. Ila amejitafutia shubha za kumtuliza nafsi, na shubha hizo ndizo tunazotaka kuzitazama.

Iliyo maarufu zaidi ni hii: "Kila nikija naikuta tupu." Jawabu ni kwamba kuwa tupu ndiyo kazi ya nafasi hiyo. Gari la zimamoto likikaa wiki nzima bila ya kutoka, hatujaona mtu akiliazima kubebea mchanga kwa hoja kwamba limekaa bure. Kisha, umejuaje kuwa wenye nafasi hawaji? Mwenye ulemavu akifika akaikuta imekaliwa, hana uwezo wa kushuka akagombana. Huzunguka mara moja, mara ya pili, kisha hugeuza gari akarudi nyumbani, au siku ya pili humtuma mtoto. Wewe wakati huo uko ndani unachagua sabuni. Hukumuona, wala yeye hakukuona. Akirudishwa hivyo mara tatu, ya nne haji tena. Nawe unasimama kwa ushahidi wa dhulma yako mwenyewe unasema kwamba hawaji!

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kila aliyepita madrasa amefundishwa kwamba kosa linalohusu haki ya mja halitoshi kujutiwa, bali haki irudishwe kwa mwenyewe au mwenyewe asamehe. Aliyeiba kuku anamjua mwenye kuku, na njia ya kwenda kwake anaijua. Wewe utamtafuta wapi yule aliyerudi Magomeni au Likoni mikono mitupu, ilhali hujui hata kama alikuwapo? Tunaona watu wakijichunga na senti ya riba, na wanafanya vizuri, kisha wanabeba mzigo huu kila Jumamosi kwa ajili ya kupunguza hatua 30.

Wapo wanaotaka kujipa hoja ya kielimu, nao husema: aliyetangulia kufika mahali ndiye mwenye haki napo zaidi. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini wameiweka pasipo pake. Kutangulia hutoa haki katika kile kilichoachwa wazi kwa watu wote, kama safu ya msikiti au kivuli cha mwembe njiani. Ama uwanja wa supamaketi una mwenyewe, na mwenyewe amekuruhusu kuuingia kwa masharti. Nafasi hizi amekuruhusu, na hizi mbili tatu amezitenga kwa kundi maalumu, akaandika ardhini kwa rangi. Mwenye kutumia mali ya mtu nje ya mpaka wa idhini aliyopewa, fuqahaa wana jina la kitendo chake, nalo ni ghasbu, yaani kutwaa cha mwenzio bila ya ridhaa yake. Jina hilo halibadiliki kwa kuwa muda ni dakika tano. Lau mtu angeweka wakfu kisima kwa ajili ya wasafiri, je, jirani angefunga hapo bomba la kumwagilia bustani yake kwa kuwa leo hakupita msafiri?

Wengi pia hudhani kuwa nafasi hizi zimewekwa ili kumpunguzia mlemavu mwendo tu. Hiyo ni nusu ya maana. Nusu nyingine, nayo ni kubwa zaidi, ni upana. Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kutoka garini kwa mlango uliofunguka nusu. Ni lazima mlango ufunguke wote, kiti kishushwe, kikunjuliwe, kisogezwe ubavuni mwa gari, kisha ajivute kwa mikono yake kutoka kiti hiki kwenda kile. Ndiyo maana nchini Marekani kanuni zilizotokana na sheria ya walemavu ya mwaka 1990 zinataka kila nafasi iwe na njia ya pembeni ya upana wa takriban mita 1.5, na Uingereza miongozo yao hutaja mita 1.2. Ile mistari ya mshazari unayoiona ubavuni mwa nafasi ndiyo njia yenyewe. Mwenye kusimamisha pikipiki hapo, au meneja anayepanga hapo matoroli na makreti ya soda, amemfungia mtu mlango. Na uko msiba usiofikiriwa na wengi: mlemavu huweza kuipata nafasi, akashuka salama, akanunua vitu vyake, kisha akatoka na kukuta gari la mtu limebana upande wake wa kupandia. Hana la kufanya ila kungoja juani mpaka mwenye dakika tano arejee.

Ama anayesema, "Nina mama mzee," tunamuuliza: anashuka? Ikiwa bibi huyo hawezi kutembea na yeye ndiye anayeingia dukani, basi nafasi ni yake, na asiyempisha ndiye mkosa. Lakini ikiwa ameachwa ndani ya gari na kijana ndiye anayekwenda kununua, ulemavu wa mama haukuhamia kwenye miguu ya mwana. Waingereza wamelipambanua hili vizuri. Kadi yao ya buluu ni ya mtu, si ya gari. Anayeitumia ilhali mwenyewe hayumo safarini anaweza kutozwa faini mpaka pauni 1,000. Vilevile tusihukumu kwa jicho tu, kwani ulemavu mwingine hauonekani, na England ilipanua kadi hiyo mwaka 2019 kwa sababu hiyo hiyo.

Linalotushangaza zaidi ni ndugu zetu wafanyabiashara waendao Dubai kuleta bidhaa. Huko kanuni za trafiki za mwaka 2017 ziliweka faini ya dirhamu 1,000 pamoja na pointi 6 kwenye leseni kwa kosa hili, nao wakiwa huko huzunguka uwanja mzima wakitafuta nafasi ya halali. Wakirudi Dar es Salaam au Mombasa, adabu hiyo huiacha uwanja wa ndege. Kumbe waliyekuwa wakimwogopa ni polisi tu! Na si kwamba kwetu hakuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, katika ibara ya 54, inamtambulia mwenye ulemavu haki ya kuweza kufika mahali pote kwa njia inayofaa.

Limebaki neno kwa wenye maduka, kwani wengi wao tunasali nao. Kuchora alama ardhini kisha kumwachia jambo lote mlinzi wa mshahara mdogo ni kumtwisha asichokiweza. Tumewaona walinzi hao wakifukuza bajaji kwa rungu, kisha wakilipigia saluti gari la vioo vyeusi lililosimama pale pale. Mlinzi hana kosa kubwa katika hili. Anajua kwamba mwenye gari atampigia simu meneja, na meneja atamuomba radhi mwenye gari. Basi meneja ampe mlinzi wake amri ya maandishi, abandike nakala yake mlangoni, aondoe matoroli kwenye ile mistari leo kabla ya alasiri, na akipigiwa simu na mheshimiwa anayeuliza kama wanamjua yeye ni nani, ajibu kwamba wanamjua, na gari lihamishwe.