Kabla ya Kuchagua Jiko, Ichaguliwe Njia ya Moshi

Katika nyanda za juu za Tarime, moto wa kuni hufanya kazi mbili: huivisha ugali na huipasha nyumba joto. Kwa sababu ya baridi, mlango hufungwa mapema, na mama mwenye mtoto mgongoni hubaki ndani pamoja na moshi. Katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, ambako kukata kuni ndani ya mpaka ni kosa, mzigo mmoja wa kuni ni mali. Si ajabu basi kwamba jiko banifu husifiwa kwa jambo moja tu: hula kuni kidogo. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Jiko linalookoa kuni si lazima liokoe mapafu.

Kuni huungua vizuri zikiwa kavu na zikipata hewa ya kutosha. Mti uliokatwa karibuni waweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Sehemu kubwa ya joto hupotea katika kuyakausha maji hayo, na moto hufuka badala ya kuwaka. Hali huwa hiyo hiyo mdomo wa jiko unapojazwa kuni hadi juu. Hewa inapaswa kupita chini ya kuni, ndiyo maana jiko zuri huwa na kichanja kinachoziinua. Hewa ikikosekana, huzalishwa kaboni monoksaidi na chembechembe laini zinazopenya hadi vifukoni mwa mapafu. Kwa mtoto huchangia nimonia. Kwa mtu mzima huchangia ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na hata maradhi ya moyo.

Utafiti umetoa funzo lisilopaswa kupuuzwa. Nchini Malawi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalihusu watoto zaidi ya 10,000. Kaya zilizopewa majiko ya kisasa yenye feni, yasiyo na dohani, hazikuwa na nimonia pungufu kuliko kaya nyingine. Nchini Guatemala, matokeo ya mwaka 2011 yalionesha kuwa jiko lenye dohani lilipunguza nimonia kali kwa takriban theluthi moja, ingawa nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Dohani basi si muujiza; lakini kuutoa moshi nje kunafaa kuliko kuupunguza kidogo na kuuacha ndani.

Wapo watakaosema kuwa dohani ni ghali, kwamba bomba la moto na paa la nyasi haviendani, na kwamba moshi hufukuza wadudu darini. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, dohani yaweza kupitishwa ukutani na kupanda nje, mbali na nyasi, hadi juu ya kilele cha paa. Asiyeimudu na atoboe matundu mawili yanayoelekeana chini ya paa, ajenge jiko karibu na ukuta wenye tundu, na aanike kuni zake chini ya kibanda miezi kadhaa kabla ya kuzitumia. Kuhusu wadudu, paa huweza kuezekwa upya, mapafu hayaezekwi.

Kosa moja halina udhuru: kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili kuota moto. Mkaa hautoi moshi mwingi, na hapo ndipo hatari ilipo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi nayo.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, na gesi au umeme vitabaki kuwa suluhisho bora. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka ule atakuwa amefikisha miaka 10 siku hiyo, na mapafu yake hayatasubiri mtungi ufike kijijini. Kwa hiyo wanaogawa majiko wasihesabu majiko pekee. Wahesabu pia majiko yenye njia ya moshi. Na mwenye nyumba, kabla ya kumuuliza fundi bei, amuulize kwanza: hewa itaingilia wapi, na moshi utatokea wapi?