Pikipiki ambayo mama anaweza kuiinua



Juma hili tunazungumza juu ya pikipiki. Wengi wenu mmesikia kwamba kikundi cha wamama wauza mboga na unga wa kartie yetu kimeuza pikipiki yake kubwa, ile nyekundu ya 200, na kununua ndogo ya 100. Sokoni maneno ni mengi. Kuna wanaosema kikundi kimeanguka, eti mwaka ujao watarudi kwenye kinga. Bwana mmoja aliniuliza mbele ya mlango wa shule kama biashara imewashinda. Mimi ndiye ninayewaandikia kitabu cha hesabu, nimeona namna feza ilivyoingia na ilivyotoka, na wamama wenyewe wameniomba nieleze.

Ile kubwa hawakuinunua. Iliachwa na mradi mmoja uliofunga kazi zake hapa Lubumbashi, na siku ilipoletwa kulikuwa na vigelegele. Pikipiki ndefu, pine za meno, portbagaji ya chuma. Ilikuwa inabeba mifuko mitatu ya unga ya kilo 25 bila kulalamika. Nani angekataa? Lakini fungueni kitabu. Kwa miezi 14 hakuna mama hata mmoja aliyeiendesha kutoka mashamba ya mboga ya Annexe mpaka sokoni. Aliyeendesha ni kijana, naye alilipwa franka 10.000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni franka 260.000 kila mwezi, na kwa miezi 14 ni franka 3.640.000. Feza yote hiyo ilitoka ndani ya lengalenga na matembele, fungu kwa fungu. Esanse sijaitia.

Kijana hakuwa mwizi, na hilo nataka lisikike wazi, kwa sababu yeye pia amesemwa. Alifanya kazi yake. Lakini alipougua malaria, mboga zililala shambani. Alipokwenda kwenye msiba wa mjomba wake, alikwenda na pikipiki, maana ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Wamama kumi na tisa walikuwa na pikipiki kwenye karatasi, na kila asubuhi walisimama kando ya barabara wakimngoja mtu mmoja.

Sasa mtauliza kwa nini wenyewe hawakuiendesha. Wawili walikuwa wamejifunza, na mmoja ana perimi yake tangu zamani. Tulichukua mita ya mshona nguo, tukapima kutoka chini mpaka kwenye kiti, tukapata sentimita 87. Mama wa kimo cha kawaida akikaa pale juu anagusa udongo kwa ncha za vidole tu, tena mguu mmoja. Ikiwa na tanki lililojaa na ile portbagaji, pikipiki yenyewe ilikuwa inakaribia kilo 140 kabla ya kuweka hata fungu moja la mboga.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita wangewaeleza vizuri. Pikipiki ikiwa katika mwendo, magurudumu yanapozunguka, inajisimamia yenyewe, na uzito wake hauusikii sana. Uzito unaujua unaposimama: kwenye ronpuwe, mbele ya polisi wa barabara, mbuzi akikatiza, au unapotaka kuigeuza ndani ya parseli. Pale hakuna mwendo wa kukusaidia, kuna mguu wako tu. Ikiinama kidogo, mguu unaisukuma inarudi. Ikiinama zaidi ya hapo, kilo 140 zinakwenda chini, na hakuna mkono wa mtu wa kuzizuia.

Ndivyo ilivyokuwa wakati wa mvua, mwezi wa tatu. Yule mama mwenye perimi aliichukua asubuhi moja kwa sababu kijana hakutokea. Alifika vizuri karibu na soko. Aliposimama kupisha mkokoteni, mguu wake ukateleza kwenye matope ya mtaro, pikipiki ikalala upande wa kuume, juu ya mguu wake, na bomba la moshi likiwa la moto. Hakuweza kuiinua. Alilia mpaka wamotari wawili walipokuja. Ana alama ya moto kwenye mguu mpaka leo. (Mama akiungua na bomba, au mtoto, ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, halafu kituo cha afya. Dawa ya meno hapana, mafuta ya mawese hapana.) Jioni bwana yake akasema basi, hataki kumwona tena juu ya chombo kile. Sikumlaumu bwana.

Mkutano uliofuata ulikuwa mrefu. Wengine walitaka kumtafuta kijana wa pili, ili mmoja akikosa mwingine awepo. Wengine waliona aibu, kwamba mradi umewapa kitu cha nguvu nao wanakitupa. Wengine walisema pikipiki ni kazi ya wanaume, tuachane nayo. Ndipo mama mzee wa kikundi, ambaye hajawahi kukaa hata nyuma ya motari, akauliza: kitu kikianguka na wewe huwezi kukiinua, ni chako au ni cha yule anayekiinua? Walipiga kura kumi na nne kwa tano.

Kubwa iliuzwa dolari 1.300 kwa bwana anayefanya biashara ya samaki, nayo inamfaa. Ndogo ilinunuliwa mpya, dolari 1.120. Zilizobaki 180 zililipa kaske tatu, karatasi, na mafunzo ya wamama wanne. Walichagua aina ile ambayo wamotari wote wa hapa wanaipanda, si kwa uzuri wake, bali kwa sababu kila fundi anaijua na vipande vyake viko mpaka kwenye vibanda vya kartie. Kiti chake tulikipima pia: sentimita 79. Nyayo zote mbili zinafika chini. Uzito wake ni kama kilo 110. Kutoka 140 kwenda 110, ni mfuko mmoja wa unga na zaidi ambao mama haushikilii tena kwa mguu wake.

Nitaje jambo ambalo wengi hawalijui. Namba iliyoandikwa kwenye pikipiki, 100, 125, 150, 200, ni ukubwa wa injini, si urefu wala uzito wa pikipiki nzima. Kuna pikipiki za 125 zilizotengenezwa kwa njia za porini, ndefu kama ile tuliyouza, na kuna za 125 za mjini ambazo mama anazipanda bila shida. Kwa hiyo dukani msiulize namba tu. Kaa juu yake na viatu vyako vya kila siku. Weka nyayo chini. Iinamishe kidogo kushoto, kidogo kuume, uone kama mguu unairudisha. Isukume kurudi nyuma hatua kumi. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Halafu, kuinua pikipiki iliyoanguka ni elimu, nguvu peke yake haitoshi. Zima injini kwanza. Ikiwa imelalia upande wa kuume, fungua bekiye kabla ya kuiinua, ili ikisimama isipitilize na kuanguka upande wa pili. Tia vitesi ya kwanza isije ikateleza. Igeuzie mgongo, chuchumaa, matako yagusane na kiti, mkono mmoja ushike gido na mwingine ushike chuma imara cha chini ya kiti, si bomba la moshi. Sukuma kwa miguu, ukirudi nyuma hatua ndogondogo. Mgongo ubaki wima. Wamama wanne tuliowafundisha, watatu waliinua ile ndogo mara ya kwanza. Wa nne aliinua mara ya tatu, akacheka mpaka machozi.

Hatukupata kila kitu, na nisiwadanganye. Mifuko mitatu kwa safari moja imekwisha, sasa ni miwili, na siku ya mzigo mkubwa wanarudi mara ya pili. Pine zake ni ndogo, kwa hiyo shimo ambalo kubwa ililipita, hii inalisikia mpaka kwenye mgongo. Na nyepesi inatikiswa na upepo. Kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, lori la madini likikupita karibu, unasukumwa, na ndiyo maana kikundi kimeandika katika sheria zake kwamba pikipiki hii haipandi barabara zile. Ni ya Annexe, Ruashi na sokoni. Atakayekwenda Kasumbalesa achukue basi.

Kwenye esanse kuna furaha. Miezi miwili ya kwanza kitabu kinaonyesha kwamba inakunywa karibu nusu ya ile kubwa kwa njia ileile. Na ile franka 260.000 ya kila mwezi haitoki tena. Mama anayeendesha anapata 4.000 kwa siku yake, nyingine inaingia katika likelemba. Septemba hii wamama saba walilipia watoto vifaa vya shule kutoka pale.

Wale wanaosema ndogo ni ya kushuka, wajue kwamba Wajapani walifikiri vingine. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, isiyo na mkono wa ambreyaji, na fremu yake iko chini katikati ili hata mwanamke mwenye sketi apande bila kurusha mguu juu. Walitaka mpeleka chakula wa mgahawa aweze kuiendesha kwa mkono mmoja. Mpaka mwaka 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100. Hakuna pikipiki kubwa iliyowahi kuuzwa hivyo duniani.

Mambo mawili bado. La kwanza ni karatasi. Karte roze ya ile kubwa ilikuwa na jina la mradi, na kuiuza kulituchukua wiki tano za kwenda na kurudi ofisini. Ya hii ndogo ina jina la kikundi. Mama anayenunua ya kwake aandikishe jina lake. Tangu sheria ya mwaka 2016 iliyobadilisha Kodi ya Familia, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili kufanya jambo la kisheria, ingawa sheria inataka mume na mke wapatane juu ya yale yanayowafunga wote wawili. Basi zungumzeni nyumbani kabla, si baada ya pikipiki kuingia ndani ya parseli.

La pili ni kikwembe. Kinapendeza, lakini ncha yake ikiingia katika mnyororo au nyaya za gurudumu inakuvuta chini kabla hujapiga kelele. Vaa suruali ndani, kikwembe kikunje ukitie katika mfuko, ukifika sokoni jifunge. Mama mkwe akiuliza, mwambie ni mwalimu aliyesema. Na mtoto mgongoni mwa anayeendesha, hapana, hata kama ni karibu.

Mafunzo mapya yataanza Jumamosi ijayo saa nane mchana katika uwanja wa shule, wamama sita tu kwa mara moja. Kuendesha kutakuja wiki ya pili. Wiki ya kwanza ni kuisukuma, kuiinamisha na kuiinua, kwa hiyo njooni na viatu vilivyofungwa, si ndala.