Lakabu si mchezo



Huku mpakani, Busia na Tororo, watoto wetu huchanganyika shuleni. Aliyehamia Kenya kutoka Uganda huchekwa Kiswahili chake. Msichana huvutwa hijabu. Mwingine hunyang'anywa pesa za maandazi. Akilalamika huambiwa ni utani wa watoto.

Sisi hatukubali. Suratul Hujurat aya ya 11 inakataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya. Abu Dharr (r.a.), sahaba mkubwa, alipomtusi mtu kwa mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa bado ana ujahiliya. Ni kweli mtoto hajabaleghe, haandikiwi dhambi. Lakini mlezi wake ataulizwa.

Mtoto anayeonewa hasemi sana. Jumatatu tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi. Daftari zinapotea kila wiki. Anabadilisha njia ya kurudi nyumbani. Muulize kwa upole: nani, wapi, mara ngapi? Usimwambie "nawe mpige". Yaandike, umpelekee mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu.

Na mwenye kuonea asichapwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya (2013) na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya Uganda (2016) zimekataza adhabu ya viboko shuleni, na fimbo humfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Aitwe na wazazi wake, arudishe alichochukua, aombe msamaha.

Shule isiposikia, pigeni 116. Ni simu ya bure ya watoto, namba moja Kenya na Uganda.