Habari Inayokupendeza Ndiyo ya Kupimwa Kwanza



Kuna ujumbe huzunguka kwenye simu kila baada ya muda. Unasema ati Mwambao ulikodishwa kwa miaka maalum, miaka imekwisha, na Kenya inatakiwa iurudishe. Wengi wenu mmeupokea na wengi mmeusambaza. Swali langu ni moja tu: nani kati yenu aliuliza mkataba wenyewe umesema nini?

Haya, hebu tuuangalie. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar alikubaliana na Waingereza wauendeshe Mwambao wa maili kumi kwa malipo ya kila mwaka, huku enzi ikibaki yake. Ndiyo sababu bara lilipofanywa koloni mwaka 1920, Mwambao haukuitwa koloni. Kisha Oktoba 1963 yakafanywa makubaliano mengine: siku Kenya itakapopata uhuru, Mwambao utatoka katika milki ya Sultani na kuwa sehemu ya Kenya. Basi. Hamna hesabu ya miaka humo, wala tarehe ya kurudisha. Na hata kama ingekuwepo, urudishwe kwa nani? Usultani wenyewe ulipinduliwa Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya Kenya kupata uhuru. Swali hilo peke yake lingetosha kukuzuia kidole kabla hujautuma ule ujumbe.

Najua kuna atakayesema mimi nimenunuliwa. Subiri kwanza. Mwaka huo huo wa 1963 Jomo Kenyatta aliandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte. Ndani yake kuna ahadi: uhuru wa dini, mahakama za kadhi zibaki, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri iwezekanavyo, maafisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri iwezekanavyo, na hati za ardhi zilizokwisha sajiliwa ziheshimiwe. Hizo zimeandikwa, zina tarehe, zina majina. Ahadi gani imetimizwa na ipi imekanyagwa? Hilo ni swali la kumtoa kiongozi jasho. Lakini wewe ukisimama mbele yake na ile hadithi ya miaka, atakuuliza ukurasa gani, utanyamaza, watu watacheka, na zile ahadi za kweli hakuna atakayeziuliza tena.

Na msiniambie kupima habari ni mambo ya Wazungu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na baadaye akawa kadhi Cairo, aliandika Muqaddima mwaka 1377, na mapema tu humo anamkosoa al-Mas'udi, mwanahistoria mkubwa wa Kiislamu. Al-Mas'udi alinakili kwamba Nabii Musa alihesabu jeshi la Bani Israil jangwani akapata wapiganaji 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun hakuanza kwa kuuliza nani kasimulia. Aliuliza: yawezekana? Watu walioingia Misri wakiwa familia moja, kwa vizazi vichache tu, wafike idadi hiyo? Na jeshi la ukubwa huo litapigana vipi, ikiwa wa mwisho huku hajui wa mwisho kule anafanya nini? Akasema jambo lisilowezekana halina haja ya kuchunguza uaminifu wa msimulizi wake. Na katika sababu za uongo kuingia kwenye historia, aliitaja hii: mtu akishapendelea upande, anaipokea papo hapo habari inayokubaliana na upande wake.

Sasa kipimo hicho hicho tukipeleke upande wa pili. Mmesikia ikisemwa kwamba watu wa Pwani hawana maendeleo kwa kuwa ni wavivu. Wengine wetu hulirudia hilo barazani kwa kicheko! Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi hapa Pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Mtu angelima alfajiri hadi magharibi, jembe lisingemletea karatasi. Mjukuu wake leo anaitwa skwota. Hana hati, benki haimkopeshi. Hajengi nyumba ya mawe, kwani nani atajenga ya mawe mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Halafu anakuja mgeni, anaona makuti, anasema uvivu. Ameona matokeo akayaita chanzo.

Na sasa sehemu ambayo haitawapendeza wote. Sheria ile ya 1908 haikuwaumiza watu wa Pwani sawasawa. Baadhi ya familia za Kiarabu na Kiswahili zilipata hati. Wamijikenda, waliomiliki ardhi pamoja kama jamii, na waliokuwa watumwa, wengi wao waliachwa mikono mitupu. Angalia tena ile ahadi ya 1963: hati zilizokwisha sajiliwa ziheshimiwe. Zilikuwa za nani? Kwa hivyo ukisema sisi sote tulidhulumiwa kwa njia moja, jirani yako wa Kwale au Kilifi anakusikiliza na anajua unaruka ukurasa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 67, iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Mbele ya watu kama hao huulizwi unahisi vipi. Unaulizwa shamba gani, mipaka ipi, nani alikuwa hapo kwanza, aliondolewa mwaka gani, na nani akapewa. Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wanapungua kila mwaka. Wewe una simu mfukoni yenye kinasa sauti. Umeshamrekodi babu yako?