Nani Aliyeziua Bendi za Morogoro?

Yapo maneno ambayo kwa kurudiwarudiwa yamepata heshima ya kweli bila ya kuistahili. Moja kati ya hayo ni kwamba bendi ya mji mdogo ni moto wa makuti: huwaka kwa kishindo, hung'aa usiku mmoja, na kukicha huwa jivu. Wasemao hivyo huitaja Morogoro kuwa ushahidi. Mji ule, husema, ulijaliwa mafundi wawili wa ajabu. Mmoja alikufa, wa pili akahama kisha akafa, na muziki ukazikwa pamoja nao. Hukumu hii ni nyepesi, na kama zilivyo hukumu nyingi nyepesi, humwachilia mkosaji na kuwafunga marehemu.

Kwanza itazamwe asili ya muziki wenyewe. Morogoro ya miaka ya 1940 haikuwa kijiji kilichosahauliwa. Reli ya Kati ilipita hapo. Barabara nazo zilipita hapo. Mashamba ya mkonge yaliuzunguka mji, na vibarua wake walikuja mjini na ujira mfukoni na kiu ya dansi moyoni. Santuri za Kuba zilizouzwa katika Afrika Mashariki ziliwafikia vijana wa chini ya milima ya Uluguru kama zilivyowafikia wa pwani. Katika udongo huo ilimea Morogoro Jazz mwaka 1944, na mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba. Kila moja ikawa jiwe la kumnolea mwenziwe, kwa maana wimbo mpya wa huku ulidai jibu la kule.

Salum Abdallah aliichukua midundo ya Kuba akaivika Kiswahili, na santuri zake zikasikika mbali na mji wake. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1944, aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na gitaa lake likaijulisha bendi hiyo kwa nchi nzima. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri mpaka Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia. Waidharauo miji midogo na walieleze jambo hilo, kama wana maelezo.

Kisha ukaja mteremko. Salum Abdallah alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Na Januari 1979 ajali ya barabarani huko Mombasa ikamchukua akiwa na umri wa miaka 34. Bendi aliyoiacha haikuufikia tena utukufu wake. Hapo ndipo penye chimbuko la shitaka: kwamba kuhama kwake kulikuwa usaliti, na usaliti huo ndio uliouzima moto.

Shitaka hili haliwezi kusimama mbele ya ushahidi. Kama kifo cha mtu mmoja huiua bendi, mbona Cuban Marimba haikuzikwa na mwasisi wake? Juma Kilaza aliishika, na miaka mingi baadaye watu waliendelea kucheza kwa sauti yake. Na kama kuhama huiua bendi, mbona NUTA Jazz ya Dar es Salaam haikufa? Bendi hiyo iliyoanzishwa chini ya chama cha wafanyakazi katika miaka ya 1960 imepoteza waimbaji na wapigaji wengi, kwa mauti na kwa kuhamia kwingine. Ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, ikaitwa Msondo Ngoma, na imevuka nusu karne. Haikuvuka kwa kuwa watu wake walikuwa waaminifu kuliko wa Morogoro. Ilivuka kwa sababu nyuma yake palikuwa na vyombo visivyokuwa mali ya mtu mmoja, na mshahara usiongojea mlango wa ukumbi.

Mpigaji wa mji mdogo alikuwa na nini? Mara nyingi gitaa lilikuwa la mwenye bendi, na ukumbi ulikuwa wa mwenye baa. Santuri, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, ilikuwa ya kampuni ya Nairobi. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960, nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni, mfuko wa mcheza dansi nao ulitoboka. Kilichobaki mali ya mpigaji ni sauti na vidole, na vitu hivyo huzikwa na mwenyewe. Asiye na fungu katika nyumba halaumiwi kwa kuihama.

Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966, lakini sheria isiyo na mtekelezaji ni kisima kisicho na kamba: maji yapo, na mwenye kiu hufa ukingoni. Chombo cha kuwakusanyia wasanii haki zao kilikuja kwa sheria ya mwaka 1999, miaka 20 baada ya Mbaraka kuzikwa.

Atatokea mpinzani aseme kwamba bendi ya taasisi huimba matakwa ya mwajiri. Neno hilo lina ukweli wake, wala halifai kufichwa. Lakini njaa nayo ni mwajiri, na hapana mwajiri mkali kuliko yeye.

Wala wasomi wasinawe mikono. Kwa muda mrefu waliuchambua utenzi kwa uangalifu unaostahili, na wimbo wa dansi wakauacha kwa walevi, kana kwamba ubeti hupoteza maana ukisindikizwa na gitaa. Kama ubeti ulioandikwa kwa wino ni fasihi, ubeti ulioimbwa na mji mzima hauwezi kuwa makapi. Maneno ya nyimbo zile na yaandikwe, watunzi watajwe kwa majina, wazee waliobaki wasikilizwe wangali hai, na warithi wao walipwe. Miji midogo nayo na iwe na vyombo vyake na ukumbi wake, kama iwavyo na kiwanja cha mpira na soko.

Bendi za Morogoro hazikuuawa na aliyekufa, wala na aliyehama. Ziliuawa na waliocheza mpaka alfajiri, kisha wakarudi majumbani bila ya kuuliza gitaa lile ni la nani.