Usizime Tindikali kwa Magadi

Mwanao anayesoma kemia atakueleza kwamba tindikali ikikutana na besi kwa kiasi kinacholingana, ukali wa zote mbili huvunjana, yakabaki maji na chumvi. Ndivyo asidi ya hidrokloriki na kostiki soda zinavyotoa chumvi ile ile tunayotia mbogani.

Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini isikuhadae. Tindikali ya betri ikimrukia mtoto, usimpake magadi kwa kudhani unaizima. Kuvunjana huko hutoa joto, nalo huzidi kuiunguza ngozi iliyokwisha kuungua. Mvue upesi nguo zilizolowa, umwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha umpeleke hospitali. Iwapo ameinywa, usimtapishe, kwani kilichounguza koo wakati wa kushuka huliunguza tena wakati wa kupanda, mkimbize hospitali.

Kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ingawa ni besi, huunguza vivyo hivyo. Basi, kinga ni bora kuliko tiba: usihifadhi vitu hivi katika chupa ya soda. Mtoto mdogo hasomi maandishi. Yeye huitambua chupa.