Mavi ya Shaba ni Mali ya Nani?



Mnajua mavi ya chuma ya mhunzi, yanayotupwa nyuma ya kibanda wala hakuna anayeyauliza. Huko Lubumbashi, Kongo, takataka za namna hiyo zimekuwa mlima. Reli ilifika mji ule mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la shaba la Union Minière likawashwa. Kwa miaka themanini hivi mavi ya shaba yalimwagwa pale pale. Waliomwaga walilipwa kwa kazi ya shaba tu, tena kidogo. Desemba 1941 walipogoma kutaka nyongeza, askari waliwapiga risasi, wengi wakafa.

Kumbe ndani ya mlima mna kobalti, zinki, na jemaniamu, metali adimu inayotumika katika nyuzi za kioo zipitishazo simu na katika vioo vya kuonea gizani. Namna ya kuitoa ni hii: mavi husagwa yakawa unga, unga hutiwa ndani ya matangi ya tindikali ya salfa, nayo huziyeyusha zile metali. Tope huchujwa, kisha maji yale hutiwa dawa nyingine ili metali zitengwe moja moja. Wazee wetu wa Magharibi waliochuja majivu kupata munyu wangeielewa kazi hii mara moja, ila munyu hauchomi mapafu.

Zamani aloi ya mlima ule ilipelekwa Finland kusafishwa. Mwaka 2002 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ya kwamba jemaniamu ilitolewa huko, na Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo, ikakosa fungu lake. Kampuni zilizotajwa zilikana. Mwaka 2024 kiwanda cha Gécamines yenyewe kilipeleka jemaniamu yake ya kwanza kwa Umicore, Ubelgiji. Na Umicore ni nani? Ni ile ile Union Minière, iliyobadili jina mwaka 2001!

Hatusemi Wakongo wasiuze. Lakini sisi wa reli twajua ya kuwa behewa hulipiwa kwa jina lililoandikwa katika hati ya mzigo, na likiandikwa "takataka", hulipiwa bei ya takataka. Kwa hiyo chama chetu chataka hivi: mabaki ya kiwanda chochote yapimwe kabla ya kuuzwa, na vyama vya wafanyi kazi vionyeshwe hesabu. Wale wanaosimama penye tindikali wapewe glavu, miwani na daktari kwa gharama ya mwajiri, na fungu lao liandikwe katika mkataba huo huo wa mauzo, kabla behewa la kwanza halijaondoka.